Saini Juu ya Gundi

Wiki iliyopita tulimwacha Ruweida ameketi mbele ya mashine yake ya kuchapa, mkono mmoja juu ya droo, akiomba ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka. Wapo wasomaji walioniandikia nimwonee huruma, na wapo walioniandikia nimekwisha kumwonea kupita kiasi. Mimi nitasema alivyofanya, basi. Na alivyofanya ni aibu.

Kwa aliyelikosa gazeti, kisa ni hiki. Mwaka huo wa 1999 Ruweida alikuwa na ofisi ndogo ya kupiga chapa mjini Voi, katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Alikuwa na kompyuta moja, modemu moja na laini moja ya simu. Anwani ya imeli nayo ilikuwa moja, na watu zaidi ya mia walikuwa wakiitumia. Aliyetumiwa barua aliandikwa jina lake juu, Ruweida akaichapa, akaitia bahashani, mwenyewe akaja kuichukua au akapelekewa. Barua za watu wote zilipita machoni pake, na hakuna aliyeona ubaya, kwa sababu Ruweida ni binti wa Mzee Abdulbasit.

Huyu Mzee Abdulbasit aliwaandikia watu barua miaka arobaini karibu na stesheni. Watu wa reli na wa mashamba ya mkonge, wasiojua kusoma, walimwambia yaliyo moyoni naye akayaandika. Wengine walikiri kwake mambo ambayo hawakuthubutu kuyakiri kwa padri. Hakuna hata moja lililotoka kinywani mwake. Alipomaliza aliibandika bahasha, akaibana gundi ingali mbichi kwa ukucha wa dole gumba mara tatu, kisha akatia saini juu ya kifuniko, nusu huku na nusu kule. Ukiifungua na kuibandika tena, mistari ya saini haikutani. Ndiyo maana mpaka leo watu wa zamani wa huko, wakipata barua iliyotoka nyumba hiyo, huichana ubavuni. Kifuniko hawakigusi.

Ruweida aliirithi kazi hiyo pamoja na ukucha na saini. Mzee mwenyewe macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho, anashinda chumba cha pili nyuma ya pazia, redio sikioni.

Ndipo akatokea Bwana Nzioka, kutoka ofisi isiyo na kibao mlangoni. Alimletea Ruweida karatasi za nakala mbili, zile ambazo ukichapa ya juu, ya chini nayo inajiandika. Ya juu ni ya mwenye barua. Ya chini ni ya Nzioka. Angeyafanya hayo, faili ya pasipoti ya Munir, mdogo wake, iliyolala miaka miwili kwa sababu kila afisa alidai cheti cha kuzaliwa cha babu yake, ingeamka. Munir alikuwa ameshapata kazi Jeddah na mwajiri amechoka kungoja.

Ruweida akakubali. Na kila bahasha aliendelea kuibana kwa ukucha mara tatu na kuitia saini, kwa mkono uleule uliokuwa ukitia nakala ya pili drooni. Sijui alidhani gundi itamsafisha.

Mtu wa kwanza kuumia alikuwa Obadiah, mkulima wa mlimani Kasigau, ambaye ndovu walimmalizia mahindi misimu mitatu mfululizo. Binti yake, Elsie, ni karani kwa mawakili Nairobi. Elsie aliandika imeli kwamba wakili atapanda Kasigau Jumamosi kukutana na wakulima tisa, waanze kesi ya fidia, akayataja majina yote tisa. Katika hao tisa alimtaja jirani mmoja aliyekuwa amefariki mwezi wa tatu. Maskini Elsie hakuwa na habari.

Jumamosi ilipofika, askari walimtangulia wakili. Mkubwa wao alitoa karatasi akasoma majina kwa mpangilio wa Elsie, na alipofika kwa marehemu akaita mara mbili. Aliambiwa huyo yuko kaburini. Akaandika kwamba hakuhudhuria.

Obadiah na wenzake wakapakiwa garini kwa kosa la mkutano bila kibali. Lakini mlima mzima ulikuwa umelisikia jina la marehemu likiitwa, na hapo hata mtoto angejua kwamba barua ya Elsie ilisomwa na mtu kabla haijafika. Haya, sasa tuendelee.

Alhamisi asubuhi Munir aliingia mbio, pasipoti mkononi. Aliibusu, akambusu dada yake kipajini, akapiga magoti kwa baba yake ili aiguse. Mzee alilipapasa jalada, kisha ukurasa kwa ukurasa, akashukuru Mungu kwa sauti. Kisha akauliza ni nani aliyeisukuma faili hiyo baada ya miaka miwili.

"Bwana Nzioka," Munir alisema. "Tena kaniambia nisimshukuru yeye, nimshukuru Ruweida."

"Ruweida ana lipi na Bwana Nzioka?"

"Ni mteja, baba," Ruweida alijibu upesi. "Huja kupigiwa chapa barua za ofisi."

Mzee alimrudishia Munir pasipoti. Munir alisema ndege ni Jumamosi, akatoka kwenda sokoni kununua sanduku. Ruweida alibaki na furaha ya nyumba nzima shingoni, nayo ilikuwa ikimkaba. Alikuwa amekesha akijiambia kwamba pasipoti ikitoka ataacha. Sasa imetoka.

Aliwasha modemu, ikalia kilio chake, imeli tano zikaingia. Ya tatu ilikuwa imeandikwa juu: kwa Mama Tryphena, Kasigau, kutoka kwa Elsie. Tryphena ndiye mkewe Obadiah.

"Mama," Elsie aliandika, "baba hayuko wa kukusomea, utamwomba mwalimu. Tafadhali uliza huko Voi ni nani mwingine anasoma barua zetu. Wakili anasema imeli ni barua kama barua nyingine, ina mwenyewe, na katiba inalinda barua za mtu zisiingiliwe. Hata serikali haina ruhusa ya kuzipekua hivihivi. Lakini mama, usimuulize Ruweida kwa ubaya. Huyo ndiye pekee tunayemwamini."

Ruweida aliisoma mara mbili, uso ukamchoma. Alitafuta karatasi ya kawaida kwenye kabati, akaipata moja, akaitia mashineni, akaitoa. Karatasi za Nzioka zilikuwa na namba pembeni, na Nzioka alikuwa anajua imeli ngapi zinaingia, sijui kwa njia gani, lakini alijua. Jumamosi haikuwa mbali. Akarudisha karatasi ya nakala mbili.

Mashine ikachapa. Huyo ndiye pekee tunayemwamini, mara ya kwanza kwa Tryphena, mara ya pili kwa Nzioka.

Mwenye nakala yake hakukawia. Nzioka aliingia saa nne, shati limenyooshwa, akamwamkia Mzee kupitia pazia. Mzee akaitikia marahaba. Nzioka akaisoma nakala ya barua ya Elsie amesimama, na alipofika kwenye katiba akatabasamu.

"Huyu msichana amesoma sana. Lakini hii si barua, dada. Barua iko na stempu. Hii inapita kwa waya, na waya ni ya serikali."

Ruweida alishusha sauti mpaka ikawa pumzi. Alimwambia kwamba amefika mwisho, waliyopatana yametimia, achukue karatasi zake na amwache.

"Pasipoti imetoka, ndiyo," Nzioka alisema. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. "Lakini soma ukurasa wa ndani. Pasipoti pia ni ya serikali, si ya Munir. Na pale eapoti kuna watu hufika na begi zao na tiketi, halafu wanarudishwa nyumbani. Mimi sipendi kuona hiyo."

Aliikunja nakala, akaitia mfuko wa shati, akaaga. Nyuma ya pazia redio ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo. Ruweida alijiuliza baba yake amesikia mangapi, akajijibu kwamba hajasikia kitu, kwa sababu jibu jingine asingeliweza.

Alikuwa anaibana gundi ya bahasha ya Tryphena kwa ukucha, mara ya tatu, wakati Tryphena mwenyewe alipoingia mlangoni.

Hakuja peke yake. Alikuwa na ndugu yake Noah, mwenye pikapu inayopanda Kasigau mara mbili kwa wiki. Noah ndiye aliyekuwa akichukua bahasha kwa Ruweida na kumpelekea Obadiah, bila kudai chochote, kwa sababu mtu hatozi shemeji. Siku nyingine Noah huingia akitania. Siku hiyo alisimama karibu na mlango kama aliyekuja kushtakiwa, na kwa kweli alikuwa ameshtakiwa.

"Mwanangu Ruweida, hatukai," Tryphena alisema. "Wazee wanakutana leo jioni. Wanasema ni Noah aliuza ile barua. Vijana wametoboa gurudumu zake mbili, tumekesha tukiziba, na mke wake haendi kisimani tena. Wazee wakikubali ni yeye, atahama mlima."

Alifungua mkoba, akatoa bahasha iliyochanika ubavuni, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

Ilikuwa bahasha ya ile barua. Tryphena alieleza kwamba aliitoa chini ya godoro, na kwamba yeye mwenyewe alikuwapo Obadiah alipoichana ubavuni kwa kisu. Kabla ya hapo ilikuwa nzima. Lakini wazee wanasema Noah amebeba bahasha hizo tangu mwaka jana, saini ameizoea, hashindwi kuifungua njiani, kuitia barua katika bahasha nyingine na kuiga mkono wa Ruweida. Kwa hiyo wamesema kitu kimoja tu kitamaliza maneno. Ruweida aiangalie saini hiyo. Ikiwa ni yake, haikuguswa njiani na Noah yuko huru.

"Wewe tu ndiye unajua," Tryphena alisema. "Ukisema ni yako, mimi nitaenda kusimama mbele yao na nitasema, binti ya Abdulbasit amesema."

Ruweida aliichukua bahasha. Hakuhitaji kuiangalia. Mistari ilikuwa imekutana, herufi ya mwisho imeinama kidogo kama inavyoinama siku zote akiwa na haraka. Aliikumbuka hata siku aliyoitia.

Na papo hapo aliona njia zote mbili. Akisema ni yake, Noah atapona leo, na kesho mtu atauliza: kama haikufunguliwa njiani, ilisomwa wapi? Siri ya mtungi aijuaye kata. Watu watakuja mlangoni, Nzioka atajua kwamba yametoka, na Jumamosi Munir atarudishwa na sanduku lake jipya. Akisema si yake, Munir atasafiri. Noah atahama mlima.

"Huu si mkono wangu, Mama Elsie," alisema.

Noah hakupiga kelele. Alisogea hatua moja. "Dada Ruweida, angalia vizuri. Tafadhali."

Hapo alipewa nafasi ya pili, msomaji, na mimi nilisema nitasimulia alivyofanya, basi. Aliiinua bahasha kwenye mwanga wa dirisha, akajifanya anaichunguza, akaigeuza hivi na hivi. Alikuwa na haya, lakini haya haikumzuia.

"Si wangu. Umefanana, lakini si wangu."

Tryphena hakulia. Alikuwa ameushika mkoba kwa mkono wa upande wa Noah. Akauhamishia mkono wa pili.

"Wazee waliniambia, kikulacho ki nguoni mwako," alisema polepole. "Mimi nikabishana nao siku nne."

Noah aliketi sakafuni, mgongo ukutani, akafunika uso. Ruweida alitaka kusema kitu cha kufariji, fikiria, baada ya hayo, alitaka kufariji. Na ndipo redio nyuma ya pazia ilipozimwa.

"Nileteeni hiyo bahasha," Mzee Abdulbasit alisema.

Alitoka akipapasa ukuta. Ruweida alimwambia baba, huoni, usijisumbue. Mzee akanyoosha mkono na kuuacha hivyohivyo umenyooka, mpaka Tryphena akaiweka bahasha kiganjani mwake.

Hakuisogeza machoni. Aliigeuza, akatafuta ukingo wa kifuniko, akapitisha dole gumba juu ya gundi iliyokauka. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Ruweida alikuwa amesahau. Saini mtu anaweza kuiiga, lakini zile alama tatu za ukucha hakuna aliyezijua nje ya nyumba hiyo. Baba alimfundisha akiwa na miaka tisa, akamwambia, hii ni ya mimi na wewe tu. Tangu hapo alizitia bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Kidole cha Mzee kilisimama kwenye alama ya tatu. Uso wake haukubadilika, ila alionekana ghafla mzee zaidi. Aligeuza kichwa upande aliosimama binti yake, na Ruweida akajua kwamba amejua. Alijua yote, Bwana Nzioka, na pasipoti, na shukrani zilizoagizwa asubuhi.

"Bahasha hii haikufunguliwa njiani," Mzee alisema. "Noah, inuka mwanangu, huna kosa. Waambieni wazee nimesema mimi."

Tryphena alimtazama Ruweida, kisha Mzee. "Binti yako amesema si mkono wake."

"Binti yangu amekosea."

"Kama si njiani, Mzee, ilisomwa wapi?"

Mtu wa kukaa kimya miaka arobaini hajui kukaa kimya anapoulizwa jambo lake mwenyewe. "Ilisomewa hapa," alisema.

"Na nani?"

Ruweida alifungua kinywa. Ni kweli alikifungua, aliniambia mwenyewe, na ninamwamini kwa hilo. Lakini sauti ilichelewa, na ya baba yake haikuchelewa.

"Nyumba ni yangu, Mama Elsie. Kilichotoka ndani yake nimekitoa mimi."

Noah aliinuka sakafuni, lakini hakufurahi, maana hakuna anayefurahi kwa jambo hilo. Tryphena aliichukua bahasha kutoka mkononi mwa Mzee, kwa upole, akaitia mkobani.

"Obadiah alipokuwa shamba la mkonge alikuwa hajajifunza kusoma wala kuandika," alisema. "Ni wewe ulimwandikia barua ya posa. Ilifika kwetu, baba yangu akaichana ubavuni, akasema, huyu kijana ana adabu, ameandikiwa na Abdulbasit. Miaka thelathini nimeiweka pamoja na cheti cha ndoa. Leo nikifika nitaichoma. Halafu nitawaambia wazee ni wewe."

"Waambie," Mzee alisema.

Walitoka. Tryphena hakumuaga Ruweida. Barua ya Elsie ilikuwa imebaki mezani, imebandikwa, imetiwa saini, na hakuna aliyeikumbuka.

Mzee aliketi kwenye kiti cha wateja. Ruweida alipiga magoti mbele yake akamwambia baba, mimi ndimi, nakwenda kuwaambia. Mzee hakumgusa kichwa kama alivyozoea.

"Munir asafiri kwanza," alisema. "Mimi nilikuwa na jina tu, na jina halipandi ndege."

"Na wewe je, baba? Watu watakuita nini?"

"Wataniita ulivyonifanya."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anayetaja siku ya wiki. Ruweida ameniambia kwamba amepata kutukanwa na watu wengi tangu siku hiyo, na matusi yote ameyasahau ila maneno hayo mawili ambayo si tusi.

Aliinuka, akaenda mlangoni. Nje, pikapu ya Noah ilikuwa imeegeshwa upande wa pili wa barabara, Tryphena ndani, anatazama mbele. Noah alizungusha ufunguo. Gari likakohoa, likazima. Toka mlangoni mpaka kwenye dirisha la Tryphena zilikuwa hatua ishirini.

Noah akajaribu tena. Likazima tena.

Kutoka upande wa soko Munir alikuwa anakuja, sanduku jekundu begani, karatasi ya dukani bado imelifunika. Alimwona dada yake mlangoni, akampungia mkono, akacheka.

"Funga mlango, mwanangu," Mzee alisema nyuma yake. "Vumbi laingia."

Mara ya tatu gari likawaka. Ruweida alikuwa bado ameushika mlango.